CHUO KIJENGWE, DAFTARI LIFUNGULIWE



Kwa muda mrefu maneno kama hatifungani na Sukuk yalikuwa maneno ya mabenki na mawakili, na mwananchi wa Chake Chake au wa Makunduchi hakuwa na haja ya kuyajua. Leo hali si hiyo. Mwaka 2024 mamlaka ya maji ya Tanga, jirani zetu wa ng'ambo ya bahari, iliuza hatifungani ya shilingi bilioni 53.12, ya miaka 10, kwa faida ya asilimia 13.5 kwa mwaka, na fedha zilizoletwa na wanunuzi zikapita kiasi kilichotakiwa. Mwaka 2025 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar nayo ikazindua Sukuk yake kwa ajili ya kugharimia miradi ya maendeleo. Njia imekwisha funguliwa, na haitakuwa ajabu ikiwa kesho itasemwa kwamba vyuo vyetu vya ufundi navyo vijengwe na kutengenezwa kwa fedha za namna hiyo. Yatupasa tuwe na rai iliyokamilika kabla ya siku hiyo, kwani anayeanza kufikiri baada ya mkataba kutiwa saini amekwisha chelewa.

Wapo wenzetu wasemao kwamba kazi ya chama cha upinzani ni kupinga, na kwamba kila deni ni kitanzi. Wapo na wengine wasemao kwamba chuo ni jambo la kheri, na mwenye kuuliza maswali juu ya jambo la kheri ni adui wa kheri. Sisi hatukubaliani na wote wawili. Rai yetu ni hii: mkopo wa kujenga vyuo unaweza kuwa jambo jema, na pengine sisi wenyewe ndio tungepaswa kuudai, lakini mkopo huo usichukuliwe mpaka wananchi wameulizwa, wameoneshwa orodha ya vitakavyojengwa, wameambiwa nani atalipa, na wamepewa haki ya kulifungua daftari na kulisoma.

HAJA YENYEWE

Hakuna mwanachama asiyejua haja iliyopo. Tunavyo vituo vya mafunzo ya amali Mkokotoni, Mwanakwerekwe na Makunduchi kwa upande wa Unguja, na Vitongoji na Daya kwa upande wa Pemba. Tunayo na Taasisi ya Karume ya Sayansi na Teknolojia kule Mbweni. Fundi hafundishwi kwa ubao na chaki peke yake. Mwanafunzi wa umeme hana budi kushika waya, mwanafunzi wa useremala hana budi kushika randa, na anayejifunza kutengeneza mashine hana budi kuifungua mashine na kuifunga tena. Chuo cha ufundi ni karakana kwanza, na karakana ni kitu cha gharama: hutaka paa lisilovuja, umeme wa uhakika, zana za kutosha idadi ya wanafunzi, na mahali pa kuzihifadhi zisiliwe na kutu ya hewa yetu ya chumvi.

Na pwani yetu imejaa mahoteli. Kila hoteli inataka fundi wa mabomba, fundi wa viyoyozi, fundi wa umeme, mpishi na mshika hesabu. Kijana wa Paje au wa Nungwi aliyefundishwa vizuri huingia humo kwa mlango wa mbele. Asiyefundishwa hubaki nje akiuza shanga, na nchi yake ikitajirika machoni pake. Hili ndilo lililo hatarini katika mazungumzo haya, wala si matofali na saruji.

KWA NINI KUKOPA

Yupo atakayeuliza: kwa nini visijengwe kwa fedha za bajeti ya kila mwaka? Jawabu la haki ni kwamba jengo zuri hudumu miaka 40 au zaidi. Ukilijenga kwa kodi ya mwaka mmoja, watu wa mwaka huo hubeba mzigo wote, na watakaolitumia baadaye hawatoi kitu. Ukilijenga kwa mkopo wa miaka mingi, kila kizazi hulipa sehemu ya kile kinachokitumia. Hiyo ndiyo hoja njema ya mkopo, na hatuna sababu ya kuikanusha.

Lakini katika hoja hiyo hiyo ndimo ilimo hatari. Kizazi kitakacholipa hakijafika kwenye kikao. Watoto walio darasa la kwanza leo ndio watakaolipa, na hawana kura. Wazee walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Tuchukue mfano wa hesabu tu: mwenye kukopa shilingi bilioni 10 kwa kiwango kile cha Tanga cha asilimia 13.5, akawa analipa faida kila mwaka na kurejesha mtaji mwishoni mwa mwaka wa 10, atakuwa ametoa shilingi bilioni 23.5. Fedha iliyoingia ilionekana na wote, ikapigiwa ngoma na kukatiwa utepe; ile itakayotoka itatoka kimya kimya, mwaka baada ya mwaka.

WALIOTUTANGULIA

Ziko nchi zilizolifanya jambo hili kwa miaka mingi, hata faida zake na madhara yake yakadhihirika. Tutazame jimbo la California katika Marekani. Huko chuo cha kwanza cha jamii kilianzishwa mjini Fresno mwaka 1910, na leo jimbo lina vyuo 116 vya namna hiyo. Ni vyuo vya watu wa wilaya: mtoto wa mfanyakazi husoma karibu na kwao, akajifunza uuguzi, ufundi wa magari, hesabu za biashara, au akasoma miaka miwili ya mwanzo kabla ya kwenda chuo kikuu.

Majengo ya vyuo hivyo kwa sehemu kubwa hugharimiwa kwa hatifungani, na deni hulipwa kwa kodi ya nyumba na ardhi ya wakaazi wa wilaya ile ile. Kwa hivyo deni haliwezi kuchukuliwa kabla ya wakaazi kulipigia kura. Zamani ilihitajiwa theluthi mbili ya kura. Mwezi wa Novemba 2000 watu wa California walilipitisha Pendekezo la 39, lililoshusha kiwango hicho hadi asilimia 55. Wapiga kura hawakuutoa wepesi huo bure; waliuuza kwa masharti, na masharti hayo ndiyo tunayotaka wanachama wetu wayajue.

Sharti la kwanza: iwepo orodha ya miradi itakayogharimiwa, na fedha zisiende kwingine. La pili: fedha hizo zisilipe mishahara ya walimu wala ya wakuu wa vyuo, bali ziende kwenye majengo na vifaa. La tatu: ufanywe ukaguzi kila mwaka, wa fedha na wa kazi yenyewe, mpaka fedha zote ziishe. La nne: iundwe kamati ya wananchi ya uangalizi, yenye watu wasiopungua saba, miongoni mwao mfanya biashara, mtu wa jumuiya ya wazee, mtu wa jumuiya ya walipa kodi, na mwanafunzi wa chuo chenyewe. Mfanyakazi wa chuo haruhusiwi kuingia katika kamati hiyo, wala mkandarasi, wala muuzaji wa vifaa, wala mshauri anayelipwa na chuo. La tano: kodi inayotazamiwa kwa deni moja la wilaya ya vyuo isizidi dola 25 kwa kila dola 100,000 za thamani ya mali. Mwenye nyumba iliyothaminiwa dola 400,000 anajua kabla hajapiga kura kwamba makisio ya deni hilo kwake hayazidi dola 100 kwa mwaka. Anaweza kuihesabu kwa vidole vyake.

Je, masharti hayo yalitosha? Hayakutosha, na hapa ndipo penye funzo kubwa zaidi. Wilaya ya vyuo ya Los Angeles, yenye vyuo tisa, ilipewa na wapiga kura dola bilioni 1.245 mwaka 2001, dola milioni 980 mwaka 2003, na dola bilioni 3.5 mwaka 2008. Mwaka 2011 gazeti la Los Angeles Times likachapisha mfululizo wa habari uliofichua ubadhirifu mkubwa katika ujenzi huo: kazi mbovu, mipango iliyoanzwa na kuachwa, na fedha nyingi zilizopotea njiani. Kamati ilikuwapo, ukaguzi ulikuwapo, na sheria ilikuwapo. Lakini kamati iliyokaa kusikiliza taarifa zilizotayarishwa na wale wale inaowaangalia haikuona kilichokuwa mbele ya macho yake. Aliyekiona alikuwa mwandishi wa habari, kwa kuwa sheria ya nchi yake ilimpa haki ya kuzidai karatasi.

Baadaye wapiga kura hao hao waliwapa tena vyuo vyao dola bilioni 3.3 mwaka 2016 na dola bilioni 5.3 mwaka 2022. Twaona katika hilo jambo la kuzingatia. Kufichuliwa kwa uovu hakukuua vyuo. Watu walijua kwamba wizi au uzembe ukitokea utajulikana, na kwa ujuzi huo wakaendelea kutoa. Serikali iogopayo kukaguliwa hufikiri kwamba inailinda kazi yake, ilhali inaiua imani ambayo kazi hiyo inaitegemea.

Upo na mfano wa pili, wa wilaya ya skuli za Poway, karibu na San Diego. Wakuu wake walikuwa wamewaahidi wapiga kura kwamba kiwango cha kodi hakitapanda. Ili ahadi isivunjike, mwaka 2011 walikopa dola milioni 105 kwa mkataba ambao haulipwi kitu kwa miaka 20 ya mwanzo, na jumla ya malipo yake ni karibu dola milioni 981, zaidi ya mara tisa ya fedha iliyopokelewa. Walioukubali mkataba huo watakuwa wamekwisha staafu siku deni litakapobisha hodi. Habari hiyo ilipotangaa, jimbo lilitunga sheria mwaka 2013 kuzuia mikataba ya namna hiyo isipite miaka 25, wala malipo yasizidi mara nne ya mtaji. Sheria ilikuja, lakini kwa watu wa Poway ilikuja baada ya jua kuchwa.

NANI ATALIPA KWETU

Sasa turejee nyumbani. Tanga deni lao lina mita ya maji: mwananchi hufungua bomba, hulipa ankara, na ankara hulipa deni. California deni lao lina kodi ya nyumba. Karakana ya Vitongoji haina mita, na mafunzo ya useremala hayauzwi kwa lita. Basi mtu yeyote atakayekuja kwetu na pendekezo la hatifungani ya vyuo, swali letu la kwanza liwe hili: italipwa kwa fedha ipi?

Majawabu ni matatu tu. Ama italipwa na Hazina ya Serikali, yaani kwa kodi za wote. Ama kwa ushuru maalumu uliotengwa kwa kazi hiyo. Ama kwa ada za wanafunzi. Hilo la tatu ndilo tunalotaka chama kilikatae mapema na kwa sauti moja. Mwaka 1964 Serikali ya Mapinduzi ilitangaza elimu bila ya malipo, na hata sisi tulio upinzani hatuoni haya kusema kwamba tangazo hilo lilikuwa la haki. Itakuwa kinyume kikubwa ikiwa mtoto wa mvuvi atafungiwa mlango wa chuo kwa sababu chuo kinalipa deni la kujengewa mlango huo.

Ushuru maalumu twauona kuwa ni jambo la kujadiliwa, hasa ikiwa utatoka katika biashara ile ile ya utalii inayohitaji mafundi hao. Na ikiwa ni Hazina, basi Wawakilishi waoneshwe katika kila bajeti, kwa mstari wake peke yake, kiasi kilicholipwa na kiasi kilichobaki.

Katika Sukuk liko swali jingine ambalo watu wetu, kwa kuwa ni Waislamu wanaoiogopa riba, wanapaswa kulielewa vizuri. Sukuk husimama juu ya mali: mwenye cheti huhesabiwa kuwa na sehemu katika jengo, ardhi au mradi, na apatacho ni kodi au faida ya mali hiyo. Jambo hilo ni zuri katika asili yake. Lakini basi na tuulize: ni mali gani ya umma iliyowekwa chini ya mkataba? Itarejea kwa nani, lini, na kwa masharti gani? Mwananchi anayeambiwa tu kwamba jambo hili halina riba, bila ya kuoneshwa mali iliyowekwa, ameridhishwa moyo wake na kufumbwa macho yake.

Wazee wetu wa Pemba hawana haja ya kufundishwa maana ya kulipia kitu pasipo kuulizwa. Baada ya Shirika la Biashara la Taifa kuundwa mwaka 1968, mkulima wa karafuu kwa miaka mingi alipata sehemu ndogo tu ya bei ya soko la dunia, na iliyobaki ikaingia serikalini. Hatusemi kwamba fedha ile haikujenga kitu. Twasema kwamba aliyeipanda mikarafuu, akaichuma na kuianika, hakuulizwa ijenge nini, wala hakuoneshwa hesabu ilipokwisha kujenga. Huo nao ulikuwa mkopo, ila hakupewa hati. Hatutaki wajukuu wake wakopewe kwa namna hiyo hiyo, kwa karatasi nzuri zaidi.

TUNAYOYADAI

Kwa hivyo twapendekeza chama chetu kisimame juu ya mambo manne.

Kwanza, iwepo orodha ya kazi, chuo kwa chuo, Unguja na Pemba, ichapishwe kwa Kiswahili na kubandikwa katika kila shehia: karakana ipi, zana zipi, kwa gharama gani, na itakwisha mwaka gani.

Pili, deni kubwa la namna hii lipigiwe kura na wananchi. Atakayesema kwamba kura ya namna hiyo ni jambo geni kwetu akumbushwe tarehe 31 Julai 2010, siku Wazanzibari walipoulizwa juu ya Serikali ya Umoja wa Kitaifa, na asilimia 66.4 wakaikubali. Walioweza kuamua juu ya muundo wa Serikali yao wanaweza kuamua juu ya deni la vyuo vyao. Na kama gharama ndiyo udhuru, kura hiyo ifungwe pamoja na uchaguzi mkuu, karatasi mbili katika foleni moja.

Tatu, iwepo kamati ya uangalizi ambayo ndani yake hamna mkandarasi, wala muuza vifaa, wala mtumishi wa wizara, na ambayo ndani yake wamo mwanafunzi, fundi mzoefu, mzee wa mji, na mtu kutoka upande wa upinzani. Kamati hiyo ipewe haki ya kuziona karatasi zenyewe, pasi na kusomewa muhtasari wake, na ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu juu ya fedha hizo zitolewe kwa umma kila mwaka. Mali bila daftari huisha bila habari.

Nne, hatifungani isijenge kuta zisizo na walimu. Mkopo haupaswi kulipa mishahara, na sisi twakubali. Lakini kabla ya tofali la kwanza Serikali ionyeshe katika bajeti yake wapi watatoka walimu wa karakana hizo na fedha ya kuzitunza. Karakana yenye mashine mpya na mlango uliofungwa ni deni juu ya deni.

Tumesikia kwamba masharti mengi huwafukuza wakopeshaji. Mambo ni kinyume chake. Mwenye fedha hupenda kumkopesha mtu ambaye hesabu zake ziko wazi, kwani anajua atalipwa. Anayekopesha gizani ndiye anayedai faida kubwa ili kufidia hofu yake. Uwazi ni akiba kwa mlipaji.

Twaomba kila tawi lisome makala haya kwa sauti mkutanoni, ili na wasiojua kusoma wasikie. Kisha liyajadili mambo manne, liongeze la tano ikiwa lipo, na kumpelekea katibu wa wilaya maamuzi yake kwa maandishi. Siku pendekezo la hatifungani ya vyuo litakapofika katika Baraza la Wawakilishi, wajumbe wetu wasiinuke kupinga kwa desturi wala kuunga mkono kwa aibu. Wainuke na masharti mkononi, wayasome moja baada ya moja, na Serikali iyajibu mbele ya watu.

Tunataka vyuo. Tunavitaka kuliko wale wanaovitaja siku za kampeni tu, kwa sababu watoto wanaosubiri kuingia humo ni watoto wetu. Dawa ya deni ni kulipa, na mwenye kulipa ana haki ya kujua alichokinunua.